Ukifika Uvira Kutazama Treni

Treni imechelewa. Mgeni mwenye daftari, kalamu mbili na kamera shingoni aambiwe hivyo mapema, kabla hajaanza kuulizia njia ya stesheni, kwa kuwa hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, hakuna atakayemkatisha tamaa ana kwa ana. Ataulizwa kwanza kama amekula. Kisha ataelekezwa Kalundu, kusini mwa mji, na aliyemwelekeza hatakuwa mwongo: treni kweli ilikuwa ikiondokea huko. Huduma ilisimama mwaka 1958. Abiria wanaombwa kuwa na subira.

Wapo watu ulimwenguni ambao starehe yao ni kusimama kwenye jukwaa la stesheni na kuandika namba za mabehewa. Wa London wanayo treni ya chini ya ardhi tangu 1863, wa New York tangu 1904, na wanajua behewa gani limehamishiwa njia gani, mlango upi umegoma kufunga, na kwa nini abiria wa jana jioni walishushwa kabla ya mwisho wa safari. Kwao hitilafu si kero. Siku treni zote zikifika kwa wakati, daftari linabaki tupu na wenyewe wanarudi nyumbani wamenuna. Mtu wa namna hiyo akifika kwetu atafaidi, maana kwa hitilafu Uvira haina mpinzani. Kilichopungua ni treni tu.

Historia, bila kupekuliwa

Anza na historia, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya reli yetu unayoweza kuipata bila mtu kufungua begi lako. Reli ilikuwa ya kampuni iliyoitwa CEFAKI, kifupi cha Kifaransa cha reli za Kivu. Ilianza kazi mwaka 1931, ikitoka bandari ya Kalundu na kupita uwanda wa Ruzizi hadi Kamanyola, zaidi kidogo ya kilomita 90. Haikujengwa kwa ajili ya watu wa uwandani. Macho ya Wabelgiji yalikuwa Bukavu, ambayo siku hizo waliiita Costermansville, kule juu penye baridi walikopenda kukaa.

Tatizo likawa mlima. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460. Mto Ruzizi, unaotoka ziwa la juu kuja la chini, humaliza sehemu kubwa ya mteremko huo katika makorongo ya kati ya Bukavu na Kamanyola. Ukishafika uwandani unatulia, unajipinda-pinda, unakuja ziwani taratibu. Wabelgiji walijenga reli pale mto ulipotulia. Pale ulipokuwa na hasira waliacha.

Kwa hiyo mzigo wa Bukavu ulipakiwa kwenye treni Kalundu, ukashushwa Kamanyola, ukapandishwa kwenye lori ili ukapambane na mlima. Mama yeyote anayeuza ndagala hapa mjini angeliona kosa bila kusomea uinjinia. Lori lililokwisha kuuweza mlima litashindwa nini na tambarare? Na kwa nini uwalipe wapagazi mara mbili kwa gunia lile lile? Malori yakashuka moja kwa moja hadi ziwani, na reli ikabaki na ratiba yake.

Angalia mwaka tena: 1958. Ni kabla ya uhuru, kabla ya uasi wa Mulele, kabla ya rais Mobutu, kabla ya vita vyote ambavyo mgeni amevisoma ndani ya ndege. Kila anayelaumiwa kwa kila kitu hapa Kongo ana ushahidi kwamba siku hiyo hakuwepo. Ukikaa barazani na wazee ukaanza kutafuta mchawi wa treni, utaona mazungumzo yanakauka haraka, na hilo ni jambo la nadra sana kwetu.

Kamanyola yenyewe ilipata umaarufu baadaye, kwa mlango mwingine. Mobutu aliufanya mji huo kuwa alama ya ushindi wake katika vita vya 1964, na jina likaanza kusafiri: kikosi cha jeshi kikaitwa Kamanyola, meli ya rais ikaitwa Kamanyola, na uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa ukaitwa Kamanyola hadi 1997 ulipogeuzwa kuwa Stade des Martyrs. Jina lilipanda kila chombo, isipokuwa treni.

Shirika la reli lipo, usiwe na shaka

Bandari ya Kalundu iko chini ya SNCC, ambalo ni shirika la taifa la reli. Soma polepole. Shirika la reli lina gati, lina mizigo, lina wafanyakazi, na hapa Uvira halina hata mita moja ya njia inayopita treni. Mpenzi wa treni asicheke mbele ya mlinzi wa geti. Mambo haya yana mantiki yake, ila mantiki yenyewe ilibaki upande wa pili wa ziwa.

Zamani reli na ziwa vilikuwa kitu kimoja. Wajerumani walifikisha njia yao kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata njia ya Wabelgiji kutoka Kabalo ikafika ziwani, Albertville, ambayo ndiyo Kalemie ya leo. Meli zikawa kiungo cha katikati. Mzigo ulitoka treni, ukaingia meli, ukatoka meli, ukaingia treni tena hapa Kalundu, kisha lori. Kati ya viungo vyote hivyo, Uvira tumebakiwa na meli na lori.

Tena ziwa hili lina desturi ambayo mpenzi wa treni hataikuta penginepo kwa urahisi: meli zake huja kwa treni. Meli ya Kijerumani Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye makasha, ikaletwa kwa reli hadi Kigoma na kuundwa upya, ikateremshwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Waingereza nao, katika vita vile vile, walileta boti mbili, Mimi na Toutou, kwa treni kutoka Cape Town, wakazivusha milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, wakazipakia tena kwenye treni ya Wabelgiji mpaka ziwani. Kamanda wao, Spicer-Simson, alipenda kuvaa sketi. Ukikutana na mpenzi wa treni kutoka Uingereza, habari ya sketi iache mpaka amalize chupa ya pili ya bia ya Primus.

Kuhusu kamera

Wapenzi wa treni, popote walipo, hupiga picha za vitu vinne: madaraja, bandari, vituo vya mpakani, na watu waliovaa sare. Kwa bahati mbaya, hivyo vinne ndivyo hasa usivyopaswa kuelekezea kamera hapa Kongo. Mazungumzo yatakuwa hivi:

— Unapiga picha ya nini?

— Natafuta treni, shefu.

— Treni gani?

Hapo ndipo matembezi yanapogeuka mahojiano. Ugumu ni kwamb­a jibu la kweli ndilo linalosikika kuwa la uongo kuliko yote. Mpelelezi wa kweli angekuwa na kisingizio bora. Kwa hiyo, kabla ya yote, tafuta karatasi yenye muhuri; muhuri ukiwa mkubwa na wa mviringo, ni bora zaidi, hata kama maandishi yake yamefifia. Mwenye bunduki mwite shefu. Mwenye mvi mwite papa. Mwanamke aliye nyuma ya meza mwite mama, hata kama unamzidi umri, na usikae kabla hajakuonyesha kiti. Dola zako ziwe mpya na zisiwe na mkwaruzo, kwa sababu noti iliyochanika kidogo pembeni hapa ni karatasi ya kawaida.

Mji wa mstari mmoja

Aliyezoea ramani za metro, zenye rangi nyekundu, bluu na kijani zikikatana kila mahali, atapata nafuu. Uvira ni mstari mmoja. Mlima uko upande huu, ziwa upande ule, na mji umebanwa katikati, mrefu na mwembamba. Kaskazini ni Kavimvira, mpakani na Burundi; kusini ni Kalundu. Ukisinzia njiani utaamkia ama kwa watu wa pasipoti ama kwa watu wa bandari.

Usafiri ni moto, yaani pikipiki. Anayetaka kuandika namba za mabehewa atahangaika, kwani nyingi hazina namba inayosomeka. Aandike yaliyochorwa kwenye madigadi: jina la Mungu, jina la mtoto wa kwanza, jina la mchezaji wa Barcelona aliyeondoka zamani. Idadi ya abiria isimshtue. Wawili ni kawaida, watatu ni jioni, na mbuzi hahesabiwi.

Safari za mbali zaidi hufuata Barabara ya Taifa namba 5. Kaskazini kuna Kiliba, Sange, Luvungi na Kamanyola, uwanda ule ule wa CEFAKI, na baada ya hapo ni ule mlima ulioishinda reli. Kwa sababu ya mlima huo abiria wengi wa Bukavu, mpaka ukiwa wazi, huona heri kuzungukia Rwanda kupitia Bugarama. Kusini kuna Makobola, Swima, Mboko, halafu Baraka. Nauli huulizwa kabla ya kupanda. Akiulizia baada ya kushuka, mgeni ajue amekwisha kuchangia ada ya shule ya watoto wa dereva.

Stesheni zipo pia. Zinaitwa bariere. Ni kamba iliyofungwa kwenye mti upande mmoja, na upande wa pili imeshikwa na kijana aliyekaa kivulini. Dereva anashuka, anazungumza, anarudi na jetoni ya malipo au anarudi bila jetoni, kamba inalegezwa. Mwenye daftari anaweza kuandika hapa muda wa kufika, muda wa kuondoka na sababu ya kuchelewa, sawasawa na anavyofanya kwao, ila asifanye hivyo akiwa ameinua shingo dirishani.

Hitilafu zenyewe

Katika miji ya metro hitilafu hutangazwa kwa sauti laini ya mwanamke aliyerekodiwa. Hapa hutangazwa na mlima. Mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge inashuka kutoka Mitumba na kuukata mji vipande kabla ya kuingia ziwani. Kiangazi watoto huivuka bila kulowa magoti. Mvua ikinyesha juu, hata kama mjini kuna jua, maji huja na mawe. Usiku mmoja wa Aprili 2020 Mulongwe uliondoka na nyumba, na watu, na daraja likavunjika. Mji ukawa pande mbili zinazotazamana. Wenyeji wakiona wingu limekaa mahali fulani mlimani huahirisha kuvuka. Mgeni na aahirishe pia, hata kama ratiba yake ya Brussels inasema vingine.

Halafu kuna ziwa. Tangu 2020 limekuwa likipanda, na mwaka 2024 lilikula majumba ya ufukweni na kuingia barabarani. Upande wa Gatumba, ng'ambo ya mpaka, watu waliokuwa wanakwenda Bujumbura walijikuta wakipanda mitumbwi juu ya lami. Jambo litakalomfurahisha mpenzi wa mitambo ni kwamba ziwa lote hili, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600, lina mlango mmoja tu wa kutolea maji: mto Lukuga, kule Kalemie. Mlango ukijaa mchanga na matope, mama wa Kavimvira anahama. Sijui mfano bora wa mtandao mmoja ambao kizibo chake kiko mkoa mwingine. Viboko nao hufaidika na mabadiliko haya, maana usiku hawana tena mwendo mrefu kufika kwenye nyasi za watu. Ukikutana na kiboko barabarani, yeye ndiye mwenye njia.

Kuna hitilafu moja ambayo mwongozo huu hauifanyii mzaha. Desemba 2025 waasi wa M23 waliingia Uvira, na maelfu kwa maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi na kile walichoweza kubeba kichwani. Mpaka ukafungwa. Mgeni aulize hali ya njia kila asubuhi, aulize watu zaidi ya mmoja, na amwamini yule anayejibu polepole.

Kwa wanaosafiri kwa boti, habari za ratiba ni fupi. Uliza hivi:

— Papa, boti ya Baraka inatoka saa ngapi?

— Ikijaa, inatoka.

Huo ndio mfumo wote, na usiudharau. Treni ya London huondoka tupu kwa sababu saa imefika, na mtu mwingine hulipa hasara. Boti ya Kalundu haijawahi kufanya ujinga huo. Ubaya wake uko kwingine: neno "kujaa" halina kipimo, na nahodha ndiye anayelipima. Vaa jile, yaani koti la kuokolea maisha, ukiona lipo. Ukiona halipo, subiri boti nyingine.

Jihadhari na ramani

Wageni wengi huogopa mamba, kipindupindu na bariere. Kinachowamaliza hasa ni ramani. Eneo letu limepitiwa na reli nyingi mno kwenye karatasi.

Ya kwanza ni ya 1894. Cecil Rhodes alikuwa akiota treni ya kutoka Cape mpaka Cairo, na Uingereza ilikuwa na ardhi kusini mwa Tanganyika na ardhi kaskazini, lakini katikati hapakuwa na kitu. Mwezi wa Mei mwaka huo ikaafikiana na Mfalme Leopold aikodishe ukanda wa upana wa kilomita 25, kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi Ziwa Edward. Maana yake ni hapa hapa, kwenye mlango wetu. Wajerumani wakapiga kelele, na mwezi uliofuata kifungu kile kikafutwa. Kwa hiyo Uvira iliikosa treni kabla hata haijaiona, tena ikaikosea Berlin.

Ya sasa ina nguvu zaidi. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, na Agosti mwaka huo jiwe la msingi likawekwa Musongati. Hiyo ina mkandarasi, na mkandarasi ni mtu wa kumheshimu. Lakini michoro haiishii Musongati. Inaendelea Gitega, inashuka Bujumbura, inagusa Uvira, kisha mkono wa mchoraji unanyooka magharibi bila kutetereka hadi Kindu, kwenye mto Kongo.

Mwenye ramani mkononi na atoke nje, ageuze mgongo kwa ziwa, atazame juu. Ule ni mwanzo tu. Nyuma yake kuna nyanda za juu na milima ya Itombwe, ambayo vilele vyake vinapita mita 3,000. Reli ya CEFAKI ilishindwa na mteremko wa Kamanyola, na hii inatakiwa kupita huku. Njia ni moja tu: kuchimba. Ndiyo kusema wapenzi wa treni za chini ya ardhi hawakukosea sana kuja Uvira, wamewahi tu. Siku reli ya Kindu itakapojengwa, tutakuwa na treni inayokwenda chini kuliko ya London, juu yake kukiwa na ng'ombe wa Banyamulenge na msitu wa sokwe.

Mimi si adui wa reli. Gunia la unga linalotoka Dar es Salaam mpaka hapa limelipiwa kwenye kila kamba njiani, na mtu anayelinunua ndiye anayemalizia deni. Ninachokataa ni mstari uliochorwa kwa rula na kuitwa huduma. Akitokea mtu mwenye shati safi wa kukuuzia kiwanja "karibu na stesheni ijayo", mwombe akuonyeshe pesa za shimo la kwanza. Akikuonyesha ramani tena, mnunulie chai uondoke.

Ikishindikana, Kigoma

Mpenzi wa treni aliyevumilia yote haya na bado anataka kusikia chuma kikigongana na chuma ashuke Kigoma. Kuna stesheni ya Wajerumani iliyosimama mpaka leo, mwisho wa njia ya kilomita zaidi ya 1,200 kutoka pwani. Na mbele zaidi, kati ya Dar es Salaam na Dodoma, tangu 2024 kuna treni ya umeme, yenye jukwaa, matangazo, na ile ya pua ndefu ambayo Watanzania wameipa jina la Mchongoko. Huko kuna hitilafu za kiwango cha kimataifa pia. Mwaka huo huo wa 2024 treni ilisimama njiani, na shirika la reli likaeleza kuwa chanzo ni bundi na ngedere kwenye miundombinu ya umeme. Wapenzi wa New York, na panya wao wote wa chini ya ardhi, watalazimika kuongeza safu mpya kwenye daftari.

Jambo la mwisho ni saa. Kigoma iko saa moja mbele ya Uvira. Ukiwa unarudi, irudishe saa yako nyuma mara unapopanda, vinginevyo utafika Kalundu ukikimbia, jasho likikutoka, kuiwahi boti ambayo haijajaa.